Kung'arisha kasha la supachaja nyumbani: Pambo la injini lenye masharti yake

WAKENYA wengi huendesha magari yenye supachaja bila wao kujua. Nissan Note zilizoundwa Japani kuanzia mwaka 2012 na kubandikwa herufi DIG-S upande wa nyuma zina kifaa hicho katika injini yake ndogo ya lita 1.2. Mercedes-Benz za aina ya C180 na C200 zilizoandikwa Kompressor kwenye buti zinacho pia, nazo baadhi ya Volkswagen Golf za TSI za lita 1.4, zilizoanza kuundwa mwaka 2005, zina supachaja na turbo kwa pamoja.

Magari haya aghalabu hutufikia yakiwa yametumika. Kanuni za Shirika la Ubora wa Bidhaa Nchini, KEBS, huruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini almuradi umri wake hauzidi miaka minane. Likishatua, huendeshwa miaka mingine kumi, kumi na mitano, na katika muda huo kile kilichokuwa chuma cheupe chenye mng'aro ndani ya boneti hugeuka kijivu, kikapata madoa meupe kama ya chumvi na kufunikwa na oili iliyogandamana na vumbi jekundu la barabara zetu.

Hapo ndipo hamu ya kulisugua kasha la supachaja hadi ling'ae kama kioo humjia mwenye gari. Kazi hiyo inaweza kufanyiwa nyumbani, uani au kwenye kibaraza, kwa vifaa vinavyopatikana katika maduka ya vipuri na ya vifaa vya ujenzi mjini Machakos. Haihitaji mtambo wa bei ghali. Inahitaji subira, na inahitaji mtu kujua mapema ni sehemu gani anayoruhusiwa kuigusa na ni ipi asiyopaswa kuikaribia. Chembe za msasa zikipenya ndani ya kasha zinaweza kuangamiza kifaa kizima, ilhali vumbi la alumini lina hatari ambazo watu wengi hawajazisikia.

Mvukuto wa injini

Neno supachaja halijapata tafsiri moja iliyokubalika, nasi katika vyumba vya habari tumezoea kuliacha lilivyo. Hata hivyo, kazi ya kifaa chenyewe ina jina la kale katika Kiswahili. Mhunzi anapotaka moto wa makaa uwake kwa ukali zaidi, haongezi makaa pekee. Huvuta na kusukuma mvukuto ili hewa nyingi iingie motoni. Supachaja ni mvukuto wa injini. Ndani ya kasha lake mna rota mbili zilizosokotana, zinazozungushwa na mkanda unaotoka kwenye injini yenyewe, nazo hulazimisha hewa iingie katika silinda kwa wingi kuliko ambavyo injini ingeweza kuivuta yenyewe. Hewa ikizidi, petroli zaidi huweza kuchomwa, na nguvu huongezeka.

Turbo, inayojulikana sana na wapenzi wa Subaru, hufanya kazi hiyo hiyo ila huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Tofauti hiyo ina maana kwa mtu anayeshika msasa. Upande mmoja wa turbo hupitisha moshi wenye joto kali na aghalabu huwa wa chuma cha kusubu, ambacho kikisuguliwa hupata kutu upesi. Kasha la supachaja kwa kawaida ni la alumini, na alumini hukubali mng'aro.

Wazo la mashine yenyewe ni kongwe kuliko gari. Ndugu wawili Wamarekani, Philander na Francis Roots wa Connersville, jimbo la Indiana, walipata hataza ya kipuliza hewa chenye rota mbili mwaka 1860, na kwa miaka mingi kilitumika kupuliza matanuri ya kuyeyushia chuma. Gottlieb Daimler wa Ujerumani alilipeleka wazo la kushindilia hewa kwenye injini mwaka 1885, na mwaka 1921 kampuni ya Mercedes ikaonyesha mjini Berlin magari ya kuuzia umma yaliyokuwa na kifaa hicho.

Kwa mkazi wa Machakos, supachaja ina faida ambayo mkazi wa Mombasa haihisi sana. Mji wa Machakos uko yapata mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho, kila lita ya hewa hubeba oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 15 ikilinganishwa na ile ya ufuoni, na injini ya kawaida hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Anayesafiri kutoka Mombasa kwa gari dogo huanza kulihisi likilegea polepole kadiri anavyopanda bara, hata kabla ya kukunja kona kuelekea mjini. Supachaja hufidia sehemu ya upungufu huo.

Mng'aro hauongezi nguvu

Kabla ya kununua hata karatasi moja ya msasa, inafaa uvumi mmoja uondolewe. Kusugua kasha kwa nje hakuongezi nguvu za farasi hata moja. Fauka ya hayo, alumini iliyong'arishwa kama kioo huangaza joto kidogo sana kuliko iliyopakwa rangi. Tofauti hiyo si kubwa kiasi cha kudhuru gari la kawaida, kwa sababu sehemu kubwa ya joto huondolewa na hewa inayopita, lakini inatosha kuwanyamazisha wanaodai kwamba kasha linalong'aa hupoza injini. Hili ni pambo. Ni pambo zuri, na mtu ana haki ya kulipamba gari lake.

Uvumi wa pili ni mbaya zaidi. Wako wanaoshauri kwamba kasha lifunguliwe na kusuguliwa ndani ili hewa ipite kwa wepesi. Ushauri huo usifuatwe. Rota haziguski na ukuta wa kasha wala hazigusani zenyewe; kati yazo mna uwazi ambao ni sehemu ndogo tu ya milimita, na uwazi huo ndio unaoizuia hewa isirudi ilikotoka. Ukuta ukisuguliwa, uwazi hupanuka, hewa huvuja kurudi nyuma, na supachaja hugeuka mzigo wa kuburutwa na mkanda. Rota za aina nyingi za kisasa, zikiwemo zile za kampuni ya Eaton ambayo bidhaa zake zimefungwa kwenye magari mengi, hupakwa utando maalumu wa kuupunguza uwazi huo. Msasa huuondoa, na kemikali kali za kuosha zinaweza kuubambua.

Ikumbukwe pia kwamba rota hizi huzunguka kwa kasi kuliko injini yenyewe, na kwa kawaida huweza kupita mizunguko 10,000 kwa dakika. Punje ya msasa ikinaswa humo katika kasi hiyo, hukwaruza rota na ukuta kwa pamoja, kisha vipande vinavyobanduka huendelea na safari hadi kwenye silinda.

Kulitoa bila kulifungua

Njia salama ni kulitoa kasha zima garini, kuziba matundu yake yote, kisha kulisugua kwa nje tu. Wapo wanaolisugua likiwa limefungwa injinini. Tunawashauri wasifanye hivyo: vumbi la alumini hupitisha umeme, na ndani ya boneti kuna nyaya na viungio vya umeme vingi ambavyo haviwezi kufunikwa vyote.

Injini iachwe ipoe kabisa. Waya hasi wa betri ufunguliwe. Kabla ya kutoa mkanda, piga picha kwa simu kuonyesha unavyopita kwenye puli zote. Picha hiyo ndiyo itakayokuokoa jioni wakati wa kuurejesha. Mipira ya hewa, viungio vya umeme na bolti vitolewe kwa utaratibu na kila bolti iwekwe na wenzake, kwa kuwa urefu wake hutofautiana. Katika baadhi ya magari, Mercedes-Benz zikiwemo, kifaa hiki kimebanwa mahali pasipofikika kwa urahisi, na asiye na uzoefu wa spana afadhali amlipe fundi wa gereji alitoe, naye abaki na kazi ya kusugua.

Kasha likishatoka, mdomo wa kuingizia hewa na ule wa kutolea vizibwe kwa kipande cha plastiki ngumu kilichokatwa kulingana na umbo la tundu, kisha plastiki hiyo izungushiwe gundi ya karatasi imara. Kitambaa hakifai: huacha nyuzi, na mtu huweza kukisahau ndani. Funika vilevile puli na beringi iliyo nyuma yake, pamoja na kifuniko cha kutilia oili ya gia. Nyuso bapa zinazokalia gasketi zisisuguliwe kabisa. Zifunike kwa gundi hiyo hiyo, maana ukizipunguza hata kidogo upande mmoja, hewa itavuja na injini itaunguruma ovyo ikiwa imesimama.

Hatua inayofuata ni kuosha. Mafuta taa kidogo kwenye brashi yataondoa oili iliyoganda, kisha maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo yamalize. Soda kali inayozibulia mabomba isitumike, wala dawa za kuoshea jiko la oveni. Hizo huila alumini, huiacha nyeusi, na katika kuila hutoa gesi ya haidrojeni ambayo hulipuka ikikutana na moto. Hata jivu, ambalo mama zetu walilitumia kusugulia sufuria, lina magadi na hufifisha uso wa alumini polepole. Waya wa kusugulia masufuria nao uachwe jikoni. Vipande vyake vidogo vya chuma hujichomeka katika alumini na baada ya mvua ya kwanza huibuka kama madoa ya kutu.

Jambo jingine la kuhakikisha ni kwamba kasha ni la alumini kweli. Makasha machache, hasa ya magari ya mashindano, huundwa kwa magnesiamu, ambayo vumbi lake huwaka kwa urahisi na kwa ukali wa kutisha. Dondoshea tone la siki kwenye sehemu iliyofichika na iliyokwanguliwa rangi. Likitoa mapovu papo hapo, hiyo ni magnesiamu, na kasha hilo lisiguswe na msasa nyumbani.

Somo kutoka Wamunyu

Mwenye kutaka kuona jinsi msasa unavyotumika kwa nidhamu hana haja ya kwenda mbali. Huko Wamunyu, mashariki mwa Kaunti ya Machakos, kuna wachongaji wa vinyago wanaojulikana duniani. Historia yao huhusishwa na Mutisya wa Munge, aliyejifunza uchongaji kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na kurejea na ufundi huo nyumbani. Mchongaji akimaliza kazi ya tezo na kisu, kinyago chake haking'ai. Mng'aro huja baadaye, kwa msasa mkwaruzo, kisha laini, kisha laini zaidi, na mwishowe rangi ya viatu au nta.

Alumini hufuata kanuni hiyo hiyo. Msasa hauondoi mikwaruzo; huweka mikwaruzo midogo mahali pa mikubwa. Kila namba ina kazi moja tu, kufuta alama za namba iliyoitangulia. Kasha lililotoka kiwandani likiwa na uso wenye chembechembe za kusubu huanzia namba 120 au 180. Kisha 320, 600, 1000, na kumalizia 2000. Anayeruka kutoka 180 hadi 1000 kwa kuharakisha atasugua mchana kutwa, na mng'aro utakapotokea, mistari ile ya mwanzo itaonekana chini yake kama mifupa ya samaki.

Mbinu ni kubadilisha mwelekeo. Ukisugua namba 320 kwa urefu wa kasha, namba 600 iende kwa upana. Hapo utaona waziwazi iwapo mistari ya awali imekwisha, na usisonge mbele kabla haijaisha. Tumia msasa wa maji kuanzia mwanzo ikiwezekana: maji huzuia vumbi lisipae, hupoza alumini na kuusafisha msasa usizibe. Beseni moja na matone machache ya sabuni vinatosha, jambo la maana katika mji ambao maji ya mfereji si ya kila siku. Maji hayo yabadilishwe kila unapobadilisha namba, kwani punje moja ya msasa wa 180 iliyobaki ndani ya beseni itachora mstari mrefu juu ya kazi ya saa tatu.

Sehemu bapa zisuguliwe kwa msasa uliozungushiwa kibao au kipande cha mpira, na mbavu za kasha kwa kijiti. Vidole vitupu huchimba mabonde ambayo hayaonekani hadi mng'aro utakapoyafichua.

Baada ya namba 2000, uso huwa laini na wenye rangi ya fedha iliyofifia. Hapo huingia dawa ya kung'arishia metali, ipakwe kidogo kwa kitambaa cha pamba au kwa gurudumu la kitambaa lililofungwa kwenye drili. Kitambaa kitageuka cheusi tititi. Weusi huo si uchafu uliokuwa umesalia, bali ni alumini yenyewe inayokwanguliwa pamoja na dawa. Endelea hadi uone sura yako. Mtu anayefanya kazi kwa mkono, bila gurudumu, ajiandae kwa siku mbili au tatu za jioni na mchana.

Grinda ni kishawishi kikubwa kwa sababu huharakisha kazi. Diski za kusagia chuma hazikukusudiwa alumini: alumini ni laini, hujaza matundu ya diski, diski hupata joto na huweza kupasuka ikiwa katika kasi. Isitoshe, grinda iliyotumika kwa chuma hubeba vumbi la kutu, na mchanganyiko wa kutu na vumbi la alumini ukipata cheche huwaka kwa joto kali mno. Mafundi wa reli huutumia mchanganyiko wa namna hiyo kuunganishia vyuma vya njia.

Vumbi lililoua

Anayedhani hatari hii ni ya vitabuni aikumbuke Kunshan, mji ulioko mkoa wa Jiangsu nchini China. Tarehe 2 Agosti 2014, kiwanda kilichokuwa kikisugua na kung'arisha magurudumu ya alumini ya magari kililipuka. Watu zaidi ya 140 walikufa. Vumbi la alumini lilikuwa limejaa hewani na katika mabomba ya kulifyonzea, na uchunguzi rasmi ulieleza kwamba vumbi lililolowa ndani ya chombo cha kulikusanyia lilichemka lenyewe hadi likawasha mengine.

Uani kwa mtu hakuwezi kukusanyika vumbi la kiasi hicho. Lakini chumba kidogo kilichofungwa, drili inayotoa cheche na jiko la makaa kando yake ni mambo yasiyofaa kukutana. Kazi hii ifanyiwe mahali penye hewa, mbali na jiko, sigara na watoto. Moto wa vumbi la alumini ukitokea usimwagiwe maji, kwa maana maji huuchochea. Ufunikwe kwa mchanga mkavu, na ndoo ya mchanga iwe karibu tangu mwanzo.

Kuhusu mapafu, leso iliyofungwa puani haizuii vumbi laini. Barakoa za daraja la N95, ambazo Wakenya walizizoea tangu janga la corona la mwaka 2020, zinafaa. Miwani ya kukinga macho ni ya lazima pindi gurudumu linapozunguka. Glovu za kitambaa zivuliwe wakati huo, na mikono mirefu ya shati ikunjwe, kwani gurudumu likinasa uzi huuvuta pamoja na kidole.

Kazi ikiisha, osha kasha lote kwa sabuni kabla ya kubandua plastiki zilizoziba midomo yake. Likaushe, kisha bandua, ukiwa umelielekeza chini ili chochote kilichosalia kidondokee nje. Zungusha puli kwa mkono. Iwapo itakwaruza au kukwama, usilirejeshe garini. Mpelekee fundi alifungue. Gasketi ziwe mpya, na bolti zikazwe kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari, si kwa nguvu za bega.

Alumini tupu haitakaa iking'aa milele. Hewa huijengea utando mwembamba wa oksidi mara tu inapoguswa, na ingawa utando huo ndio unaoikinga isiliwe zaidi, vumbi na unyevu wa masika huifanya ififie. Nta ya gari ikipakwa kila baada ya wiki kadhaa husaidia. Asiyependa kurudia kazi hiyo anaweza kupaka rangi angavu inayostahimili joto, ijapokuwa nayo hufanya manjano baada ya muda.

Yabakiayo ni matope meusi ndani ya beseni. Yasimwagwe kwenye mfereji wa maji ya mvua, wala yasitiwe katika mtungi uliofunikwa kabisa, kwa sababu alumini laini ikiwa majini hutoa haidrojeni polepole na mtungi huweza kufura hadi kupasuka. Yaache yatuame, maji ya juu yachujwe, na tope lenyewe litandazwe nyembamba nje kwenye karatasi, mbali na moto, kisha likusanywe likiwa bado na unyevu kidogo na kuchanganywa na mchanga mwingi kabla ya kutupwa. Vitambaa vilivyolowa mafuta taa na dawa ya kung'arishia navyo vianikwe kimoja kimoja hadi vikauke, visirundikwe pembeni mwa nyumba.